Mbuzi kwenye kigingi: shajara ya osileta mbili, Mtwara

Jumamosi, 17 Mei

Daftari la dukani limejaa hesabu za redio za watu, kwa hiyo nimenunua jipya kwa ajili ya kazi hii peke yake. Ninachotafuta ni sauti moja ya umeme inayoweza kukaa katikati ya ngoma bila kuona haya. Sitaki kinanda cha harusini chenye midundo iliyopikwa kiwandani. Nataka sauti itoke kwenye saketi niliyoilehemu mwenyewe, iwe na ukali wa zumari na mguno wa ngozi, na nikiigusa iseme kitu.

Nitaitafuta kwenye sinthesaiza ya moduli. Kwa asiyeijua, ni kinanda kilichovunjwa vipandevipande. Kipande kimoja, osileta, kinazalisha wimbi, kingine kinachuja, kingine kinafungua na kufunga sauti, halafu mpigaji ndiye anayeviunganisha kwa waya zenye jeki ndogo kama za hedifoni. Robert Moog na Don Buchla walianza kutengeneza mashine za aina hii huko Marekani miaka ya 1960, kila mmoja kwa njia yake. Vipimo ambavyo wengi wanavifuata leo vilitoka kwa Mjerumani Dieter Doepfer miaka ya 1990: paneli ya urefu wa milimita 128.5, umeme wa volti 12 chanya na volti 12 hasi. Humo ndani lugha ni volti. Ukiongeza volti moja, sauti inapanda oktava moja, yaani 110 Hz (mitetemo 110 kwa sekunde) inakuwa 220. Ongeza nyingine, unapata 440.

Duka langu lipo Magomeni hapa Mtwara. Natengeneza redio, subufa na chaja. Vifaa vya kuanzia ninavyo, fedha ya kuagiza moduli zilizokamilika sina. Basi hatua za kwanza nitazifanya ndani ya kompyuta, kwenye programu ya VCV Rack, ambayo ni ya bure na inaiga moduli hizi waya kwa waya. Nikishajua ninachokitaka ndipo nitaanza kuchoma lehemu.

Jumapili, 18 Mei

Leo ni ulandanishi tu, tangu asubuhi.

Nimeweka osileta mbili. Ya kwanza nimeiita kiongozi, ya pili mfuasi. Kiongozi yuko 110 Hz na hatoki pale. Mfuasi anatoa wimbi la msumeno, na ndiye ninayemsikiliza kwenye spika. Kiongozi mwenyewe simsikii kabisa. Nimevuta waya kutoka kwa kiongozi hadi tundu la ulandanishi la mfuasi, na swichi nimeiweka kwenye ulandanishi mkali. Maana yake ni kwamba kila kiongozi anapoanza mzunguko mpya, mfuasi anaacha alichokuwa anafanya na kuanza upya naye, hata kama alikuwa amebakiza kidogo amalize.

Nikampandisha mfuasi hadi 165 Hz, mara moja na nusu ya kiongozi. Kwenye osiloskopu ya programu, ile inayochora wimbi, picha ikawa wazi: jino zima, jino nusu, kukatwa, jino zima, jino nusu, kukatwa. Sikio halisikii 165 hata kidogo. Linasikia 110 ileile, ila imevaa nguo nyingine.

Kisha nikaanza kumzungusha mfuasi polepole kutoka 110 kwenda juu, mpaka 550. Noti haikutikisika. Kilichokuwa kinasogea ni kitu kama kinywa. Mpwa wangu, ambaye hushinda hapa dukani siku za mapumziko, akainua kichwa kutoka kwenye simu yake akasema, "Mjomba, hiyo inasema 'uwa-iyaa'." Nikamwambia arudie, kwa sababu ndicho hasa nilichokuwa nakitafutia neno. Mtu akiimba noti moja huku akibadilisha kutoka "u" kwenda "a" kwenda "i", koo lake linabaki kwenye noti ileile na mdomo ndio unaobadilika. Hapa kiongozi ndiye koo, mfuasi ndiye mdomo. Sauti inanenepa zaidi karibu na masafa ya mfuasi, kama vile herufi ya irabu inavyonenepesha sehemu fulani ya sauti ya binadamu.

Nimejaribu na ulandanishi laini. Umetulia mno kwa kazi yangu: mfuasi anakatwa kwa upole na wakati mwingine hakatwi kabisa, sauti inakaa kama watu wawili wanaosikilizana. Ni nzuri kwa kitu kingine.

Jumatano, 21 Mei

Umeme ulikatika kuanzia saa nane mchana hadi usiku. Sikufanya lolote ila kusoma.

Jumamosi, 24 Mei

FM, yaani wimbi moja kuyatikisa masafa ya wimbi jingine. Fundi wa redio anaijua FM kwa upande mwingine. Edwin Armstrong aliipatia hataza Marekani mwaka 1933: wimbi beba la kituo liko huko kwenye megahezi 90 na kitu, na sauti ya mtangazaji inalisukuma kushoto na kulia, hadi kilohezi 75 kila upande. Redio inafuata kule kusukumwa na kurudisha sauti. Wimbi beba lenyewe hakuna anayelisikia.

Kwenye muziki, wimbi beba lenyewe linasikika, na linalolitikisa pia liko kwenye masafa ya sikio. John Chowning, mtunzi wa muziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, aligundua nguvu ya jambo hili mwaka 1967 alipokuwa anajaribu mtetemo wa sauti kwenye kompyuta. Aliuongeza kasi na kina mpaka sikio likaacha kusikia mtetemo na kuanza kusikia rangi mpya. Alichapisha maelezo yake mwaka 1973, Yamaha wakachukua leseni, na mwaka 1983 ikatoka DX7, kinanda ambacho sauti zake zilienea dunia nzima.

Nilichokifanya leo ni kurudia hesabu zake kwa masikio yangu. Mbebaji 220 Hz, mtikisaji 220 Hz: sauti nene ya shaba, kama tarumbeta ya bendi ya polisi. Kila ninapoongeza kina, inazidi kung'aa. Kisha mtikisaji nikampeleka 440. Hapo FM inazaa masafa mapya pembeni mwa mbebaji, kwa hatua za 440 kwenda juu na kwenda chini. Juu unapata 660, 1,100, 1,540. Chini 220 ukitoa 440 unapata hasi 220, na masafa hasi hurudi kama chanya, yaani 220 tena. Kwa hiyo kinachosikika ni 220, 660, 1,100, mara moja, mara tatu, mara tano, namba witiri tupu. Sauti inakuwa na uwazi wa mti uliotobolewa katikati.

Kengele ndiyo iliyonifanya nisimame. Mbebaji 200, mtikisaji 280, uwiano wa moja kwa 1.4. Juu kuna 480 na 760. Chini, hasi 80 inarudi kuwa 80, hasi 360 inarudi kuwa 360. Ukiziandika kwa mstari, 80, 200, 360, 480, hazigawanyiki kwa pamoja kwa namna ambayo sikio linaizoea, na huo mgongano ndio unaosikika kama chuma. Nilipoifunga sauti ife polepole pamoja na kina cha mtikisiko, mama wa genge la jirani akauliza kama kuna ibada leo.

Jumapili, 25 Mei

Siku ngumu. Nimeipa ukurasa mzima kwa sababu najua nitaisahau.

Osileta nyingi za moduli zina tundu la FM linalofanya kazi kwa kuzidisha. Volti moja juu ni mara mbili, volti moja chini ni nusu, kama tundu la noti lenyewe. Ndiyo rahisi kuitengeneza, kwa hiyo ndiyo utakayoikuta karibu kila mahali. Nikaweka mbebaji 220, mtikisaji 110, kina cha volti moja kila upande. Kwa hesabu za jana ilipaswa kutoka sauti tamu iliyokaa sawa, maana 110 na 220 ni ndugu. Ikatoka sauti chafu, isiyo na noti. Programu ya kupima noti kwenye simu ikawa inarukaruka kama panzi.

Ili nielewe, nikampeleka mtikisaji mbali kabisa, 1,760 Hz, ambako rangi yake haimfuniki mbebaji na kipimo kinaweza kusoma. Kikasoma karibu 247. Nilikuwa nimeweka 220! Sauti imepanda hatua nzima, nusutoni mbili, na hakuna aliyegusa kitufe cha noti.

Sababu nimeipata kwa kalamu. Chukua mtikisaji wa wimbi la mraba, ni rahisi kuhesabu. Volti moja juu, 220 inakuwa 440, imeongezeka 220. Volti moja chini, 220 inakuwa 110, imepungua 110 tu. Nusu ya muda iko 440 na nusu iko 110, wastani ni 275. Kupanda kunalipa zaidi ya kushuka, basi sauti nzima inavutwa juu. Kwa wimbi la saini, lile lisilo na kona, mvuto ni mdogo kidogo, na ndio ule wa 220 kwenda 247.

Ubaya wake si kwamba noti imepanda tu. Noti ningeweza kuishusha. Ubaya ni kwamba inapanda kadiri unavyoongeza kina. Na mbebaji akishakuwa 247 huku mtikisaji amebaki 110, undugu umevunjika: pembeni yake kunazaliwa 137 na 357, vitu visivyo na uhusiano na chochote. Ukitaka sauti ing'ae katikati ya wimbo, lazima uitoe kwenye wimbo.

Alhamisi, 29 Mei

Nimejaribu FM ya kujumlisha. Hapa mtikisaji haongezi oktava, anaongeza Hz: 220 jumlisha 100, 220 toa 100. Kupanda na kushuka ni sawa, wastani haukimbii. Kwa kina kidogo ni nzuri sana, na kengele ya Jumamosi nimeipata kwa njia hii.

Lakini nikitaka kina kikubwa, nagonga ukuta. 220 toa 220 ni sifuri. Nikizidisha hapo osileta ya kawaida inasimama, inangoja, kisha inaendelea, na kule kusimama kunaleta mvuto mwingine wa noti, safari hii tofauti kwa kila kina. Kuna osileta zinazoweza kupita sifuri na kuzunguka kinyumenyume. Saketi zake ni ndefu na mimi nimepanga kulehemu osileta mbili tu. Nimekwama hapa kwa siku tatu sasa.

Jumapili, 1 Juni

Nimeipata.

Nyuma ya duka kuna kiwanja, na jirani hufunga mbuzi wake pale. Asubuhi nilikuwa nje nakunywa chai, namwangalia yule mbuzi anakimbia huku na huku, anaruka, anazunguka, na kila mara kamba inamrudisha. Akichora njia yoyote, bado ni mbuzi wa kigingi kile. Nikaiacha chai.

Nimechukua kiongozi wa 110 Hz na kumpa waya mbili badala ya moja. Waya wa kwanza unaingia tundu la ulandanishi la mfuasi. Waya wa pili unaingia tundu la FM la mfuasi huyohuyo, ile FM mbaya ya kuzidisha. Kiongozi ndiye anayemtikisa, na yeye ndiye anayemrudisha. Mfuasi nimemweka 220, kina volti moja, kama Jumapili iliyopita. Kipimo cha noti: 110. Volti mbili: 110. Volti tatu, sauti inawaka kama bati linalokatwa kwa msumeno: 110.

Hesabu yake ni fupi kuliko ile ya tatizo. Kila baada ya sehemu moja ya 110 ya sekunde mfuasi anaanzia mahali palepale, na mtikisaji naye yuko mahali palepale, kwa sababu ni mtu mmoja. Basi atakavyokimbia mara hii ndivyo atakavyokimbia mara ijayo. Kitu kinachojirudia sawasawa mara 110 kwa sekunde hakiwezi kuwa na masafa mengine ila 110, 220, 330 na kuendelea. Ile 137 na ile 357 hazina pa kukaa. Mvuto wa wastani bado upo, mfuasi bado anavutwa juu, lakini sasa kule kuvutwa kumegeuka kuwa rangi. Kumekuwa mdomo, si koo.

Nimefurahi kiasi kwamba nilimpigia simu rafiki yangu wa Newala aisikilize kwa njia ya simu. Akasema haisikii vizuri. Haidhuru.

Nimejaribu pia kumleta osileta wa tatu awe mtikisaji, 137 Hz, asiyefungwa kwa kiongozi. Noti inabaki, lakini koo linakwaruza kwa mguno wa haraka, kwa sababu kila mfuasi anaporudishwa anamkuta mtikisaji mahali tofauti. Nikamfunga na yeye kwa kiongozi, mguno ukaondoka. Kanuni nimeiandika ukutani kwa chaki: *kila anayezunguka afungwe kigingi kimoja.*

Jumanne, 10 Juni

Kompyuta inatosha sasa. Kuna sababu ya sikio pia: nikimpeleka mfuasi juu sana, ndani ya programu zinasikika filimbi za uongo zinazoshuka wakati mimi napandisha. Kompyuta inapima sauti mara 48,000 kwa sekunde, na ncha kali zaidi ya nusu ya hapo, 24,000 Hz, zinarudi zimejigeuza. Wimbi linalokatwa ghafla ni ncha tupu. Nilipoongeza hadi 96,000 filimbi zilipungua, na kompyuta yangu ikaanza kukwama.

Mzigo umefika kwa basi la Dar es Salaam: aisii tatu za AS3340. Aisii hii ni nakala ya CEM3340 ya Doug Curtis, ile iliyokuwa ndani ya sinthesaiza za Prophet-5 za toleo la tatu na Roland SH-101. Ni osileta nzima ndani ya miguu 16.

Umeme nimeutengeneza mwenyewe. Trafo ya 15-0-15 kutoka amplifaya iliyokufa, daraja la dayodi, kapasita mbili za mikrofaradi 4,700, kisha aisii za kutuliza volti, 7812 kwa chanya na 7912 kwa hasi. Niliangalia miguu ya 7912 mara tatu, maana haifanani na ya 7812, na wengi wameunguza hapo.

Aisii moja nimeiunguza hata hivyo, kwa njia nyingine. Upande wa hasi, ndani ya aisii kuna zena, dayodi ya kushikilia volti, ya volti 6.5. Haitakiwi kupewa hasi 12 moja kwa moja. Lazima rezista ya ohm mia kadhaa isimame katikati na kuupunguza mkondo. Niliruka mstari huo kwenye karatasi ya maelezo. Zimebaki mbili, na moja nataka iwe akiba. Kwa hiyo kiongozi nitamtengeneza kwa transista za kawaida.

Jumamosi, 14 Juni

Kiongozi anaimba. Saa mbili asubuhi nilimpima oktava tatu, zimekaa safi. Saa tisa alasiri, bati la duka limepata moto, oktava ya tatu imeharibika kabisa.

Hili ni jambo la fizikia, wala si uzembe wa lehemu. Zile transista mbili zinazogeuza volti kuwa oktava zinategemea joto: kwa kila digrii moja, kipimo cha volti kwa oktava kinasogea kama asilimia 0.33. Inaonekana ndogo. Lakini ukiwa oktava tatu mbali na pale ulipopimia, na joto limepanda digrii tano, unapata karibu senti 60, na nusutoni nzima ni senti 100. Hakuna mwimbaji atakayekuvumilia.

Dawa inayojulikana ni rezista maalumu inayoongezeka thamani kwa kasi ileile ya asilimia 0.33 kwa digrii, iliyogandishwa juu ya transista zenyewe. Mtwara mjini haipo. Nilipokuwa natafuta nikakumbuka kwamba shaba yenyewe inaongezeka kama asilimia 0.39 kwa digrii. Imezidi kidogo tu. Ukiichanganya na rezista ya kawaida isiyojali joto, shaba ikiwa 84 katika 100, unapata karibu 0.33.

Nimefungua rilei mbili za volti 12, kila moja ina koili ya ohm 400. Nimeufungua ule waya mwembamba, kazi ya kuumiza macho, nikaukunja katikati na kuuzungusha mara mbilimbili juu ya kijiti ili usidake mvumo wa umeme wa ukutani. Shaba ohm 800, rezista ya kawaida ohm 150, kwa mfululizo. Kifurushi chote nimekifunga kwa uzi juu ya zile transista mbili na kukipaka gundi ya epoksi.

Jumatatu, 16 Juni

Asubuhi hadi alasiri, oktava ya tatu imesogea senti 7. Nimeridhika.

Jumapili, 22 Juni

Mfuasi sasa. Nimeunganisha kiongozi kwenye mguu wa 6 wa AS3340, ambao karatasi inauita wa ulandanishi mkali. Sauti iliyotoka si ile ya kwenye kompyuta. Ni nzuri kwa namna yake, ya mviringo zaidi, lakini mdomo haufunguki. Osiloskopu ikanieleza: aisii hii ndani yake inapanda na kushuka kama pembetatu, na amri ya mguu huu *inaigeuza njia* tu, hairudishi kwenye sifuri. Mbuzi anageuzwa, harudishwi kigingini.

Mimi nataka kigingi. Mguu wa 11 ndiko iliko kapasita ya nanofaradi moja inayojaa na kuisha. Nimeweka FET, transista inayofanya kazi kama swichi, sambamba nayo. Kiongozi akimaliza jino lake, ncha ya anguko inapita kwenye kapasita ya pikofaradi 100 na rezista ya kilo-ohm 10, inakuwa pigo la karibu mikrosekunde moja, na pigo hilo linafungua FET na kuimwaga kapasita yote. Nilianza na pigo refu zaidi na mfuasi akawa anachelewa kuanza, sauti za juu zikafubaa. Fupi ndiyo sahihi.

Saa nne usiku, hedifoni masikioni, nikampandisha mfuasi kwa mkono. "Uwa-iyaa." Hakuna filimbi hata moja ya uongo.

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba, duka limefungwa, nimefanya paneli. Mchongaji mmoja alinipa kipande cha mpingo kilichobaki. Milimita 128.5 nimeipata, lakini mpingo umenila ncha mbili za keekee ya kutobolea, na nyuma ilibidi nikwangue mpaka ubao uwe mwembamba, shingo za jeki zipite na kubakiza nafasi ya nati. Nati nimezipaka grisi kidogo. Upepo wa bahari hapa hula chuma.

Voliumu ni nne tu (sisi mafundi huita voliumu kila kinachozungushwa). Moja ya koo, moja ya mdomo, moja ya kina cha FM, ya nne ya sauti. Sikuweka ya tano ingawa nafasi ipo.

Jumamosi, 19 Julai

Leo nimeipeleka Mikindani.

Huko kuna mzee anayepiga ngoma za sindimba tangu mimi sijazaliwa, na kijana wake ni mteja wangu. Nilikwenda na betri mbili za pikipiki: ukiziunga mfululizo na kuifanya katikati kuwa ardhi, unapata 12 chanya na 12 hasi bila kutafuta soketi. Spika ya kuchaji, mashine, waya tatu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Hicho ndicho ulichokisema? Kidogo hivyo?"

Alinisikiliza nikipiga peke yangu kwa dakika chache, kimya. Akauliza kwa nini hakina ngozi. Nikamwambia ngozi yake ni umeme. Akaitikia kwa kichwa, akawasha makuti makavu na kuanza kuzipasha ngoma moto, moja moja, akigonga kwa vidole na kusikiliza, kama afanyavyo siku zote. Nikasubiri mpaka aliporidhika na ngoma ya kati, kisha nikazungusha voliumu ya koo mpaka kiongozi akakaa juu yake. Kipimo kikasoma 116 Hz.

Tukaanza. Mwanzoni nilikuwa nafanya mengi mno. Mzee akanyoosha mkono bila kuacha kupiga kwa mwingine, ishara ya kushusha. Nikaacha mdomo umefungwa, nikawa nafungua FM pale tu anapopiga pigo la kujibu. Hapo ndipo kilipoingia. Kina kikipanda, sauti inawaka na kufa pamoja na ngozi, na noti haikimbii. Watoto wakaanza kusogea, wawili wakacheza.

Baada ya kama nusu saa upepo wa bahari ukaleta unyevu na ngozi ikaanza kulegea. Niliisikia kabla ya kuitafuta: sauti yangu imekaa juu kidogo ya ngoma, inaiuma.

"Ngoma imeshuka," mzee akasema. "Wewe hushuki?"

Nikagusa voliumu ya koo peke yake, unene wa ukucha. Kiongozi akashuka, mfuasi akashuka naye, FM ikashuka nayo, kila kitu kikiwa kimeshika uwiano wake. Mzee hakusema neno, akaendelea kupiga. Tulishuka hivyo pamoja mara tatu, mpaka aliposimama kwenda kuwasha makuti tena. Kipimo kilikuwa kinasoma 109.